Carl Crawford akiwa Boston: dola milioni 142 zilinunua nini?

Desemba 2010, klabu ya besiboli ya Boston Red Sox ilimsajili Carl Crawford, aliyekuwa nyota wa Tampa Bay Rays, kwa mkataba wa miaka 7 wenye thamani ya dola milioni 142. Ninaupitia hapa usajili huo kama mnunuzi anavyoipitia bidhaa aliyokwisha kuilipia, na nampa mchezaji nyota mbili kati ya tano, ingawa aliyemnunua ningempa moja.

Sifa zilizomuuza hazikuwa za uongo. Mwaka 2009 aliiba besi 60, yaani alikimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mwenzake aupige mpira, na msimu wa 2010 alipiga kwa wastani wa 0.307 (takriban mapigo 3 yaliyofanikiwa katika kila majaribio 10), akavusha mipira 19 nje ya uzio na kuiba besi 47. Msimu wake wa kwanza Boston, wastani ulishuka hadi 0.255, mipira iliyovuka uzio ikawa 11, na besi alizoiba 18 tu.

Kasoro iliyonisumbua zaidi ni ya matumizi. Upande wa kushoto wa uwanja wa Fenway Park, alikopangwa kudaka, umezibwa na ukuta wa kijani wenye urefu wa takriban mita 11 uliosimama karibu mno na mpigaji, hivyo eneo la kukimbilia ni dogo. Boston ililipia miguu, kisha ikaipeleka mahali ambapo miguu haina kazi kubwa. Ukuta huo ulikuwapo tangu zamani, hakuna aliyefichwa.

Usiku wa Septemba 28, 2011 ulionyesha yote. Boston, iliyoanza mwezi huo ikiizidi Tampa Bay kwa michezo 9 katika kuwania nafasi ya mwisho ya mtoano, ilikuwa Baltimore ikihitaji ushindi. Katika kipindi cha 9, ambacho kwa kawaida ndicho cha mwisho, Robert Andino wa Baltimore aliupiga mpira wa chini kuelekea kushoto. Crawford akaja mbio, akateleza kwa goti, mpira ukagusa glovu yake na kuchomoka. Boston ikalala 4-3. Dakika chache baadaye Tampa Bay, timu ileile aliyoihama, ikawafunga Yankees 8-7 na kuichukua nafasi hiyo.

Sisemi kwamba alizembea, kwani majeraha ya mkono yalimwandama na mwaka 2012 alicheza michezo 31 pekee. Lakini mikataba ya ligi hii haipunguzi malipo kwa sababu ya kiwango kushuka, na njia pekee ya kurudisha bidhaa ni kumpata mwingine wa kuibeba. Alipatikana Agosti 2012: Los Angeles Dodgers walimchukua Crawford pamoja na Adrian Gonzalez, Josh Beckett na Nick Punto, wakabeba na sehemu kubwa ya mishahara yao. Mwaka uliofuata Boston ilitwaa ubingwa, na upande wa kushoto walicheza watu waliolipwa fedha kidogo zaidi.