Fundi saa wa Mji Mkongwe alotengeneza kichwa cha treni ya marehemu babaangu

Assalaam alaykum. Hii nnaandika kwa wale wenye vitu vya wazee wao vimevunjika vimekaa kabatini na wameshakata tamaa navyo, maana mie nilikuwa hivo hivo mpaka mwezi uliopita.

Marehemu babaangu alikuwa baharia, safari moja ya Uingereza akarudi na treni ya modeli, ile saizi ya OO, yaani treni ya kweli imepunguzwa mara 76, na baina ya chuma na chuma cha reli ni milimita 16 na nusu tu. Si ya betri hii, inakula umeme wa volti 12 unaopita kwenye reli zenyewe. Aliipenda sana kwa sababu mamaake alikuwa akimsimulia gari la moshi la kwenda Bububu hapa Unguja, lile lilioanza 1905 likitokea hapo Ngome Kongwe, na ubavuni mwa kichwa cha treni yake akaandika kwa mkono wake, kwa rangi nyeupe, BUBUBU, ile U ya mwisho imepinda kidogo.

Basi mwanangu kaibeba ikamponyoka kwenye sakafu ya simenti, ekseli ya katikati, yaani kile chuma kinachoshika magurudumu mawili, ikakatika palepale inapoingia kwenye gurudumu. Nkaipeleka kwa fundi mmoja wa redio na simu, jina simtaji, akatia supagluu mbele ya macho yangu, dakika tano, elfu tano. Kufika nyumbani ikenda nusu duara ikaachia tena, na gundi imeshaingia kwenye gia. Nlilia wallahi.

Jirani ndo akanambia nenda kwa yule mzee fundi saa, uchochoroni nyuma ya Darajani. Duka mlango mmoja, meza, taa, na kile kioo chake cha jichoni. Nkamwambia ami, hii inatengenezeka? Hakunijibu, akaanza kuifungua. Gundi akaikwangua kwa sindano, jino moja moja la gia, dawa hakutia, akasema dawa ya kuondolea gundi inakula plastiki na rangi na haya maandishi yatakwenda. Hapo moyo wangu ukatulia, maana kayaona maandishi kabla sijamwambia kitu.

Akapima ekseli kwa venia, ile rula yake ya kubana, akasema hii thumuni ya inchi, Waingereza wa zamani hao. Akatafuta kwenye kopo lake biti ya drili iliokatika, ya saizi hiyo hiyo, akachukua lile shina lake la nyuma lisilo na mifereji, akalikata kwa jiwe la kunolea kwa sababu chuma kile msumeno haukiwezi. Na akanionesha gurudumu la upande mmoja lina bushi, yaani kipete cha plastiki, katikati, akasema angelikuja fundi akaliunga kwa risasi chuma kwa chuma basi umeme wa reli mbili ungekutana ukapiga shoti. Upana baina ya magurudumu hakukisia, alipima ekseli nzima za pembeni akazifata.

Lakini kazi hasa ilikuwa kwenye vile vyuma virefu vya ubavuni vinavounganisha magurudumu. Kumbe kulia na kushoto havitakiwi kwenda sawa, pini ya huku ikiwa juu, ya upande wa pili iwe mbele, robo ya mzunguko. Alipoifunga mara ya kwanza akaisukuma kwa kidole juu ya kioo cha meza, ikawa inachechemea, inakwenda inakwama inakwenda. Mie nlishaona imetosha, nkataka kulipa. Akaling'oa gurudumu akaanza upya, akalizungusha kidogo sana, hata jicho langu halikuona tofauti, akasukuma tena, ikateleza moja kwa moja mpaka ukingoni akaidaka. Huku anasimulia kuwa kabla ya gari la Bububu, Sultani Seyyid Barghash alikuwa na reli yake ya kwendea Chukwani, mwanzo mabehewa yakivutwa na nyumbu.

Sasa kasoro zake nazo nizitaje. Aliniambia siku tatu zikawa siku kumi na moja, simu hapokei, na mara mbili nimekuta pamefungwa. Kwenye kona inapiga kelele kidogo ambayo zamani haikuwepo. Bei elfu 30, mie sikuona ghali hata kidogo. Nampa nyota nne, ile moja ni kwa zile siku nlizozunguka na jua.

Ukenda nenda baada ya Alasiri, na peleka vipande vyote hata kiskurubu kilichodondoka, usitie gundi yoyote kabla. Na reli zako nenda nazo, dukani hana, mie nilisahau ikabidi aijaribu kwa waya mbili na adapta, mpaka usiku ndo tukaiona inazunguka mezani, mwanangu kakaa na mikono yake nyuma haigusi.