TAHADHARI: Kishoka anayepita madukani Mbeya "kuokoa" kompyuta za Windows 10

Wakuu, hasa wenye maduka Uyole, Mwanjelwa na Kabwe: kuna kijana anapita na begi la mgongoni na kitambulisho shingoni, anajiita fundi wa Windows. Mimi nimeshapigwa 285,000. Juzi nimesikia ameonekana Mbalizi, ndiyo maana naandika leo.

Nina duka la pembejeo, kompyuta tatu. Alikuja mwezi wa tisa, duka limejaa watu, akaniambia: "Mama, tarehe 14 Oktoba Windows 10 inazimwa dunia nzima. Ukiwasha kesho yake unakuta kioo cheusi, mafaili yote yamekwenda."

Tarehe ilikuwa sahihi, na hapo ndipo aliponikamata. Ni kweli Microsoft ilisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini walichoacha ni kuleta marekebisho ya bure ya usalama kila mwezi. Kompyuta yenyewe inawaka kama ilivyowaka jana. Hatari inakuja polepole: tundu jipya likigunduliwa halizibwi, na wewe unaingia benki kwa mashine hiyo hiyo. Hilo hakunieleza. Hofu ya polepole haimpi mtu pesa siku hiyo hiyo.

Dawa yake ilikuwa kunipandisha kwenda Windows 11, toleo jipya, kwa 95,000 kila kompyuta, "pamoja na leseni ya kudumu". Hakukagua chochote. Fundi wa kweli angeanza na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kwa sababu Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, TPM 2.0 ambayo ni sehemu ya usalama ndani ya mashine, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Kizazi unakisoma mwenyewe kwenye jina la prosesa: i5-4570 ni cha 4, i5-8500 ni cha 8. Kwangu mbili ni mtumba wa kizazi cha 4, moja tu ndiyo ya 8. Hiyo moja ingepanda bure kupitia Windows Update, mafaili yakiwa yametulia mahali pake. Yeye akaifuta yote na kupiga Windows upya, kisha akanitoza.

Na humo ndimo lilimokuwa daftari la madeni. Wateja wangu wa Inyala na Igurusi wengine huchukua mbolea msimu ukianza, wanalipa wakishavuna. Misimu miwili ya Excel. "Nimehifadhi kwenye flashi, mama." Flashi ninayo hapa mezani. Ina folda moja tupu yenye jina la duka langu. Jina ameliandika vizuri, kwa herufi kubwa.

Zile mbili za kizazi cha 4 alizilazimisha kwa kuruka ukaguzi wa Windows 11. Zinawaka, ila nzito kama trekta kwenye tope, na Microsoft haitoi ahadi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata marekebisho. Nimeruka mkojo nikakanyaga mavi, mnisamehe lugha.

Aliyenifumbua macho ni binti wa dada yangu anayesoma MUST, chuo kikuu cha hapa Mbeya. Alifungua kile kidirisha cheusi cha amri, akaandika slmgr /xpr, akanigeukia: "Mamdogo, hii leseni ya kudumu ina tarehe ya kufa." Kweli, 19 Machi 2026, siku 180 tangu apige. Alinieleza kwamba huo ni mtindo wa leseni uitwao KMS, wa mashirika yenye seva yao na leseni ya jumla, na vishoka wanauigiza kwa kraki, programu ya kughushi leseni. Ili kraki yake isikamatwe alikuwa amezima Defender, kinga ya virusi ya Windows, kwenye mashine zote tatu. Tukakuta pia AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali, yenye nywila aliyoweka yeye, aweze kuingia kutoka popote alipo bila mimi kubonyeza kitu. Nilibadilisha nywila zote usiku ule ule, kwa simu.

Jirani yangu wa steshenari alipigwa kwa staili nyingine. Yeye aliuziwa "kirefusho cha mwaka mmoja" kwa 60,000. Kirefusho cha marekebisho ya usalama ya Windows 10 kipo kweli, kinatolewa na Microsoft na kinaitwa ESU: kwa mtu binafsi kinafika 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au hata bure ukikubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta kwenye akaunti yako ya Microsoft. Kwa makampuni ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei inakuwa maradufu kila mwaka, mwisho miaka mitatu. Sasa akaunti moja ya mtu binafsi inaweza kubeba mpaka mashine kumi. Kijana aliingiza akaunti yake mwenyewe kwenye kompyuta ya jirani. Yaani jirani amelipia kukaa kwenye nyumba ya tapeli, na ufunguo anao tapeli.

Ile ya kizazi cha 8 binti ameipiga upya. Leseni yake halali ilikuwa imo kwenye ubao mkuu wa ndani ya kompyuta tangu kiwandani, ikajitambua yenyewe bila shilingi. Benki na mambo ya kodi nafanyia hapo tu. Zile mbili tumezirudisha Windows 10 na kuchomoa intaneti, zinachapa risiti basi. Nikipata hela nitabadilisha moja, safari hii namba ya prosesa nasoma kabla ya kutoa hata mia.

Jina na namba yake siziweki hapa, nimeziacha polisi nilipochukua RB. Akija kwako, muulize prosesa yako ni ya kizazi gani kabla hajagusa chochote. Kwa jirani alipoulizwa hivyo mara ya pili alisema anafuata waya kwenye bajaji, hakurudi.

Wateja wangu mnaosoma hapa: naandika madeni upya kutoka kwenye vitabu vya risiti. Nikikupigia kukuuliza ulichukua mifuko mingapi ya mbolea ya DAP, ni mimi kweli. Njoo dukani na karatasi yako, tulinganishe.