Fundi wa kujitolea kwenye kituo cha kutotolesha samaki aina ya trauti: nyota tatu na nusu

Tangazo liliahidi makazi ya bure na saa chache za kazi kwa wiki. Nimemaliza msimu mzima pale. Makazi ni kweli. Saa chache nazo ni kweli, ila ni za mchana tu. Usiku hauhesabiwi, na kazi hasa iko usiku.

Nyumba haina neno: chumba kimoja, jiko, maji ya moto, umeme hulipii. Mshahara hakuna, hilo unalijua kabla ya kufungasha. Ipo jirani kabisa na jumba la mayai, kwa hiyo unalala maji yakinguruma. Ukishayazoea, kinachokuamsha ni yakipungua.

Mchana ni kufyeka nyasi, kubadilisha gasketi, kupaka grisi, kuwasha jenereta kuhakikisha inawaka. Fundi yeyote ataviweza. Mageni ni masharti ya samaki. Bomba lililopakwa zinki au kiungo cha shaba, vitu ambavyo kwingine ungefunga bila kuwaza, hapa huwa sumu kwa trauti, hasa maji yakiwa laini, yaani yenye madini machache. Tunatumia plastiki. Kiungo cha pampu kikilegea upande wa kuvuta, hewa huingia, hukandamizwa ndani ya maji, na samaki huishia kuota mapovu mwilini. Na mayai machanga hayataki mtikisiko mpaka macho ya samaki mchanga yaonekane ndani yake, basi nyundo na drili hukaa nje ya jumba lile. Kwenye maji ya nyuzijoto 10 hivi huchukua kama mwezi kutotolewa, na ratiba yako ya matengenezo inayafuata mayai hayo. Mtaalamu wa kituo alinieleza haya yote kwa subira, hata nilipouliza swali lile lile mara ya pili. Kwa hilo peke yake nampa nyota zote.

Sasa king'ora. Majani yakiziba wavu pale maji yanapoingilia, maji ya mfereji yanashuka, king'ora kinalia, na mayai yaliyorundikana kwenye trei hayana akiba ya oksijeni ya kusubiri uvae vizuri. Unatoka na tochi na reki. Wavu umefunikwa tabaka zito la majani yaliyolowa, reki inakwaruza juu juu tu, mwishowe unaingiza mikono mpaka viwikoni kwenye maji ya barafu na kuyang'oa kwa viganja. Kisha unasimama hapo ukitetemeka mpaka maji ya mfereji yapande tena hadi kwenye alama yake. Usiku wa upepo unaweza kurudi kwenye wavu tena na tena, na asubuhi nyasi zinakungoja palepale.

Nilimwambia msimamizi kuwa usiku wa namna hiyo ni saa za kazi. Akakubali kwa kichwa. Kwenye daftari halikuingia kitu. Wavu wa pili wa kuzuia majani, nilioomba mapema, haukuja hadi naondoka. Nyota moja na nusu zimepotelea hapo.

Mwenye usingizi mzito asijisumbue kuomba. Anayependa mitambo na upweke kidogo ataifurahia, lakini kabla ya kuweka saini aulize nani anapokea king'ora zamu inapokuwa si yake. Wakimjibu kwamba hakuna mwingine, adai siku nzima ya mapumziko kila wiki, na iandikwe.