Kapasita za kufufulia redio za valvu: zipi za kununua, zipi za kuacha

Watu wanaofufua redio za zamani za valvu (zile taa za kioo za kabla ya transista) wanabishana sana kuhusu majina ya kampuni za kapasita, yaani vile vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme, wakati mara nyingi shida sio jina, shida ni umenunua kwa nani na unaenda kuifunga sehemu gani ya saketi. Haya ndo maoni yangu baada ya kuzitumia za kila aina.

Zile za karatasi na nta toa zote, hakuna mjadala. Utaona mita inakwambia mikrofaradi (kipimo cha ukubwa wa kapasita) ziko sawa ukafurahi, kumbe mita inapima kwa volti chache na humo ndani kapasita inakaa kwenye volti 200 na zaidi, hapo ndo inavuja. Ya kuiogopa kuliko zote ni ile inayopokea sauti kwenye anodi (sehemu ya kutolea sauti) ya valvu ya mwanzo na kuipeleka kwenye gridi (sehemu ya kuingizia sauti) ya valvu inayoendesha spika. Ikivuja gridi inapata volti chanya, valvu inavuta mkondo kupita kiasi na isipowahiwa inaondoka na transfoma ya spika. Kuipima sio kazi, washa redio, mita iwe kati ya gridi na chasisi, ikisoma chanya, zima redio, chomoa valvu, washa upime tena kwenye soketi, chanya ikibaki basi kapasita ndo mchawi (ila kama hita (nyuzi za kupasha valvu joto) zimeungwa mfululizo ukichomoa moja zote zinazimika, kwa hiyo hapo kata mguu wa kapasita upime).

Mbadala wake ni filamu ya polipropilini au poliesta ya volti 630. WIMA, Vishay, KEMET, zote nimezitumia na sina la kulalamika. Zile za bei ya ajabu wanazosema zinalainisha sauti, kwa redio yenye spika moja ya karatasi mi sisikii tofauti yoyote, weka hela yako mfukoni. Na usihangaike kutafuta mikrofaradi 0.05 kamili, 0.047 inatosha kabisa maana hata za zamani zenyewe zilikuwa zinapishana asilimia 20 huko.

Kwenye elektrolitiki (zile za kopo zenye mguu wa chanya na wa hasi) ndo kuna utapeli. Nichicon, Rubycon, Panasonic na Chemi-Con ni nzuri sana, chukua zinazohimili joto la nyuzi 105 na volti 450, ila nunua kwa msambazaji anayeeleweka. Niliwahi kuletewa za jina kubwa kwa bei ya kutupa, nikishika naona nyepesi mno, nikakata kopo moja, ndani nikakuta kikapasita kidogo kimelehemiwa miguu na nafasi iliyobaki ni hewa tupu! Mpaka leo kabla sijafunga chochote nalinganisha uzito kwanza. Na zile "mpya" zilizokaa stoo tangu enzi hizo usinunue hata kama bado zina boksi lake, ile tabaka ya oksidi ndani inachakaa hata bila kutumika, ukiiwasha ghafla inachemka.

Halafu kuna wale wa "kubwa ndo bora". Ya kwanza baada ya rektifaya ya valvu (inayogeuza umeme wa AC kuwa DC) usiiweke kubwa mno, EZ80 kwa mfano mwisho wake ni mikrofaradi 50, ukiweka 100 kila inapochaji inavuta mkupuo mkubwa na ni rektifaya inayoumia. Kama ilikuwa 16 weka 22, mvumo unaisha na maisha yanaendelea.

Sehemu moja ambayo sikubali ujanja ni kapasita inayogusa umeme wa ukutani. Hapo filamu ya kawaida haifai hata iwe ya volti ngapi, weka za madaraja ya usalama: kati ya waya mbili za umeme weka X2, kutoka waya wa umeme kwenda chasisi weka Y2, na zote ziwe na alama za ukaguzi wa usalama juu ya mwili wake. Y2 imetengenezwa ili ikifa isiache njia kati ya umeme na chasisi unayoishika kwa mkono.

Mika na keramiki mi sizigusi kabisa labda redio iwe inakwaruza au stesheni zinahama zenyewe. Ukianza kuzibadilisha bila sababu unavuruga tyuning, na bila jenereta ya signo (kifaa cha kutoa mawimbi ya majaribio) kuirudisha ni kazi ya wiki.