Mbio za msitu wa Magamba, Lushoto: tulipotea na hakuna aliyetuhesabu

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki zipoe kabla sijamaliza. Kama unafikiria kulipia zile mbio za milimani zinazoanzia Lushoto mjini, zinapanda Magamba, zinaingia msituni na kurudi kwa upande wa Mkuzi, soma hapa kwanza. Waandaaji siwataji. Ada, jezi na urefu wa njia mtayaona kwenye tangazo lao.

Mimi nina jambo moja tu. Mimi na shoga yangu tulipotea msituni tangu mchana hadi giza likaingia, na waandaaji hawakuwa na habari kwamba kuna watu wawili hawajarudi. Tulipowapigia simu wenyewe kuwaambia, tulijibiwa maneno ambayo mpaka leo yananichoma.

Ilikuwa vuli inaanza. Sisi ni watu wa Tanga mjini, mazoezi yetu ni Raskazone, huku pwani, alfajiri kabla jua halijawa kali, kwa hiyo kupanda kutoka Lushoto, ambako tayari ni mita 1,400 hivi juu ya bahari, kulitutoa jasho la kweli. Lakini mkiingia msituni, jamani! Miti ya mikulo, mikubwa ambayo watu wawili hamuwezi kuikumbatia, ukungu umekaa matawini, mbega wanaruka juu yenu na mikia yao yenye ncha nyeupe. Nilisema moyoni pesa yangu imefika mahali pake. Kwenye kituo cha maji kulikuwa na akina mama wa kijijini na sufuria la viazi vya kuchemsha, chumvi pembeni, na chai ya tangawizi. Mama mmoja alinishika mkono akaniambia, "Kula mwanangu, mbele kuna mlima." Yule mama anastahili nyota zote tano peke yake.

Baada ya hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Alama za njia zilikuwa vipande vya utepe mwekundu na mweupe vilivyofungwa kwenye matawi. Msitu wa Magamba si bustani. Ni zaidi ya hekta 9,000, na ndani yake kuna vijia vya wakata kuni, kuna barabara za zamani za kubebea magogo, kuna njia za mkato za watu wanaokwenda sokoni. Kila baada ya hatua chache unakutana na njia panda. Kwenye njia panda moja utepe ulikuwa umefungwa kwenye tawi lililovunjika, limelala chini katikati ya njia mbili. Tukasimama, tukatazama huku na huku. Kwenye njia ya kushoto, mbele kidogo, tukaona utepe mwingine. Tukaenda nao, kama ambavyo mshiriki yeyote angefanya.

Ule utepe ulikuwa umepauka. Niliuona kwa karibu tulipoupita, nikamwambia mwenzangu mbona huu hauna rangi, naye akasema labda mvua. Haikuwa mvua. Ulikuwa utepe wa mbio zilizopita, ambao hawakurudi kuufungua! Tukakuta mwingine kama huo, na mwingine, halafu hakuna tena. Yaani walituwekea njia mbili msituni, ya sasa na ya zamani, wakatuachia tuchague.

Saa yangu ya GPS nilikuwa nimeipakia faili la njia walilotutumia wenyewe. Chini ya miti mikubwa na kwenye mabonde saa hupoteza usahihi, hilo nalijua na silaumu mtu. Ninacholaumu ni faili lenyewe. Nilipolikuza nikaona mistari iliyonyooka inakata mabonde na kupita juu ya makorongo. Mtu aliketi kwenye kompyuta akaichora njia kwa kubofya, badala ya kuikimbia akiwa na saa mkononi. Mstari ulituambia tushuke mahali ambapo ukishuka unavunjika shingo.

Tulijaribu kurudi nyuma. Ukungu ukashuka, mvua ikaanza, na vijia vyote vikafanana. Shoga yangu akateleza kwenye mzizi, kifundo cha mguu kikateguka. Tukaacha kukimbia, tukawa tunatembea, yeye ameniegemea bega. Mtandao wa simu haukuwepo mpaka tulipofika kwenye mgongo wa kilima, ukashika kidogo. Nikapiga ile namba ya dharura iliyochapishwa nyuma ya namba ya kifuani.

"Kaka, sisi ni washiriki. Tumepotea msituni, na mwenzangu ameumia mguu."

"Mmepotea vipi? Wenzenu wote wameshafika."

"Hatujafika, ndiyo maana tunapiga."

"Dada, njia ina alama. Rudini mlikotoka mfuate alama. Kwani nyinyi si wakimbiaji?"

Akacheka. Nyuma yake nilisikia muziki na mtu anawaita washindi kwenye kipaza sauti. Nikamwambia tena, taratibu, kwamba mwenzangu hawezi kukanyaga. Akasema, "Sasa mimi nifanyeje? Huku tunafunga mizigo," akakata simu. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakatika.

Hakuuliza majina. Namba za vifuani hakuuliza. Hakutaka kujua tuko karibu na nini, tumelowa kiasi gani, simu ina chaji ngapi. Namba ya dharura, na anayeipokea ni mtu wa namna hii!

Wengine mtaniambia nimekuza mambo, Lushoto kuna watu kila mahali, hakuna anayekufa. Naomba mkumbuke yaliyotokea China, mkoa wa Gansu, Mei 2021. Mbio za kilomita 100 za milimani zilikumbwa na mvua ya barafu, upepo mkali na baridi ya ghafla, na kati ya washiriki 172, watu 21 walikufa. Baadhi yao walikuwa wakimbiaji wakubwa wa nchi ile. Sita waliokolewa na mchungaji wa kondoo aliyewaingiza kwenye pango alimokuwa amejihifadhi. Magamba haina baridi ya Gansu, najua. Lakini msitu ule unapanda zaidi ya mita 2,000, na mtu aliyelowa jasho na mvua, amevaa kaptula na jezi nyepesi, hawezi kutembea haraka ili apate joto, anaanza kutetemeka mapema kuliko mnavyofikiri. Shoga yangu alitetemeka mpaka akashindwa kufungua zipu ya mfuko wake.

Mbio za UTMB, zile maarufu za milimani kule Chamonix, Ufaransa, humlazimisha mkimbiaji kubeba tochi, firimbi na blanketi la dharura. Sisi hapa hatukuulizwa hata firimbi. Tochi tulikuwa nazo kwa sababu shoga yangu hana kawaida ya kutoka bila tochi, basi.

Jua lilipozama tukaona mwanga unapanda kutoka bondeni. Alikuwa mzee mmoja na mjukuu wake, wametoka kutafuta ng'ombe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu zangu. Mmetokea wapi usiku huu?"

Hata hatukumaliza kueleza. Alivua koti lake akamvisha mwenzangu, akamtuma kijana akatangulie nyumbani kuwasha moto. Tukashuka naye mpaka kwenye mashamba ya kabichi, upande wa barabara ya Malindi, mbali kabisa na kule mbio zilikokuwa. Mkewe alitupa chai na maharage, akaufunga mguu wa shoga yangu kwa kipande cha kitenge, akatupa khanga tubadili nguo. Tulipotoa pesa mzee alikataa, akasema mgeni akilia msituni hajibiwi kwa bei. Kisha akatuambia jambo lililonifanya nisilale usiku ule: sisi hatukuwa wa kwanza. Mbio zilizopita pia aliwatoa vijana huko huko, kwenye njia ile ile ya utepe. Vijana wale waliwaambia waandaaji.

Kwa hiyo walijua.

Niseme na haki yao. Nilipofika nyumbani, nikaoga, nikala, nilianza kulegea. Njia yenyewe ni nzuri mno, sijawahi kukimbia mahali pazuri kama pale. Vituo vya chakula vilipangwa vizuri, wenyeji walilipwa kwa viazi vyao, na hilo ni jambo jema kwa mji kama Lushoto. Nikawaza kuwapa nyota tatu na ushauri wa upole. Shoga yangu naye, mguu uko juu ya mto, ananiambia tusiwaharibie biashara, ni vijana wanaanza.

Asubuhi yake ikaingia ujumbe kwenye simu zetu zote mbili: hongera kwa kumaliza mbio, tutumie picha yako ukiwa na medali.

Medali gani? Hatukuvuka mstari wa mwisho! Hatukushika medali! Katika daftari lao, kama wana daftari, sisi tumemaliza mbio tukiwa salama, na huenda hivyo ndivyo wangewaambia ndugu zetu kama tusingerudi. Zile nyota tatu nimezifuta. Ni moja, na naiweka kwa sababu huwezi kutuma maoni bila nyota.

Juzi wamenipigia. Sauti nyingine, mtu mstaarabu, anaomba niondoe niliyoyaandika kwenye kundi la wakimbiaji la Tanga, atanirudishia ada. Nilimuuliza maswali matatu: nani anahesabu watu kwenye kila kituo, nani anapita nyuma ya mkimbiaji wa mwisho, na utepe wa zamani umeshafunguliwa? La kwanza alisema watalifanyia kazi. La pili alinyamaza. La tatu akasema ndiyo, wametuma vijana.

Ada sijaichukua. Nilimwambia aipeleke kwa yule mzee. Na kama kweli utepe umefunguliwa, na mbio zijazo wakaweka mtu wa nyuma na daftari la kuhesabia, nitakwenda tena, maana ule msitu nautaka, na shoga yangu ameshaanza kukanyaga. Mkikimbia huko kabla yetu, naombeni mnijuze kama pale kwenye njia panda, mkono wa kushoto, bado kuna utepe uliopauka.