Kibanda umiza kinachosikia goli kabla halijafungwa

Kwanza niwaeleze kilichonipeleka kibanda umiza, yaani kibanda cha kulipia kuangalia mpira. Nyumbani runinga ni ya mama mkwe. Niliinunua mimi, kwa hela ya sare za shule nilizoshona mpaka macho yakaniuma, lakini ikifika saa mbili usiku ni yake. Saa mbili inaanza tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili, na humo kuna mtoto wa tajiri hajajua kwamba dereva wao ndiye baba yake. Ilikuwa miezi minne hajajua. Sasa Agosti 2025 CHAN, mashindano ya mpira ya Afrika, ikaja kwetu, Taifa Stars, timu yetu ya taifa, wanacheza kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa, mechi zao saa mbili usiku. Nikamwambia, "Mama, leo Stars." Akanijibu, "Mwanangu, hao wataanza leo na kumaliza leo. Huyu mtoto je, akijua leo na mimi sijaona?" Nikajifunga kanga, nikatoka.

Kibanda chenyewe kiko Temeke, uchochoroni. Ukitoka mlangoni kwake mpaka uwanjani ni dakika kumi kwa mguu, kumi na tano kama una ndala mpya. Jina hakina. Kina mabati, turubai la buluu, runinga mbili zisizolingana rangi (kwenye moja nyasi ni za kijani, kwenye nyingine zinaelekea kwenye bamia iliyolala), na mabenchi ya mbao za boksi. Kwa nini kinaitwa kibanda umiza utajua kipindi cha pili. Kiingilio mechi za makundi kilikuwa 500. Mwenye nacho tunamwita Meneja, na kijana wake anayeshika rimoti tunamwita Injinia, kwa sababu picha ikiganda anapanda juu ya bati na kulipiga dishi kofi.

Nilipoingia siku ya kwanza, tarehe 2, wanawake tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa nje anakaanga mihogo. Vijana wakanyamaza kidogo. Halafu mmoja akasema, "Shangazi, karibu, kaa hapa," nikaletewa kiti cha plastiki chenye mguu mmoja uliofungwa waya. Heshima hiyo naihesabu. Kwenye daladala sijawahi kuipata.

Sasa nije kwenye ubovu mkuu wa huduma hii, ambao Meneja hautangazi pale kwenye ubao wake wa chaki. Picha inachelewa. Na kwa kuwa uwanja uko pale pale nyuma ya nyumba, haichelewi kimya kimya. Dakika za nyongeza za kipindi cha kwanza, Tanzania na Burkina Faso, tumepata penalti. Kwenye runinga mchezaji wetu Sopu ndiyo kwanza anapanga mpira wake, anarudi nyuma, anavuta pumzi. Huko nje, juu ya mabati, ikaja sauti kama lori la mchanga linamwaga mzigo: uwanja mzima umekwisha kushangilia. Sopu bado anavuta pumzi. Sisi tunamtazama mtu anayehangaika na jambo lililokwisha.

Kijana mmoja anayesomea umeme alinifafanulia wakati wa mapumziko, mdomo umejaa karanga. Sauti ya watu inatembea zaidi ya mita 300 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka uwanjani mpaka kwetu ni sekunde mbili, tatu. Picha inapanda kwanza mpaka kwenye satelaiti, kilomita kama 36,000 juu huko, inashuka, na ikishuka king'amuzi nacho kinaitafuna kabla ya kuitema. Nikamuuliza, "Kwa hiyo mwanangu tumelipa mia tano kuangalia jana?" Akasema si jana, shangazi, ni sekunde saba. Nilihesabu mwenyewe mechi iliyofuata. Saba, wakati mwingine nane.

Wenyeji wa kibanda hawalalamiki, wamegeuza biashara. Akiingia mgeni, mtu wa Mbagala au Gongo la Mboto aliyekuja kumtembelea shemeji yake, wanamkalisha katikati na kumchokoza. "Anko, tuwekeane pakiti mbili za karanga, hii krosi inaingia." Mgeni anacheka, anaona mpira bado uko kwa kipa. Anakubali. Hajui kwamba wenzake wamekwisha kusikia. Tarehe 6, na Mauritania, mechi ilikuwa imelala mpaka dakika ya 89, hata Meneja alikuwa anapiga miayo. Likasikika lile lori. Jamaa mmoja akasimama taratibu kama mganga wa kienyeji, akafumba macho, akasema, "Naiona. Kapombe." Jina nadhani alibahatisha, maana uwanja hautaji majina. Lakini mfungaji alikuwa beki wetu Kapombe kweli. Mgeni wa siku hiyo, mzee mwenye kanzu, alilipa pakiti nne, na alipotoka alimpa yule kijana mkono kwa adabu ambayo haikunifurahisha.

Hapo hapo niseme la karanga. Ni nzuri, zimekaangwa kwa chumvi, hazina ile harufu ya moshi, shilingi 200. Zinafungwa kwenye karatasi za mitihani ya shule. Yangu ilikuwa ya Jiografia, mtoto amepata 31, na kwenye swali la "taja sababu mbili za mmomonyoko wa udongo" ameandika "mvua na watu". Mwalimu amempa nusu. Mimi ningempa zote.

Mihogo sasa. Mama wa mihogo anakaa nje ya mlango na karai lake, mgongo kwenye ukuta, runinga haioni hata kidogo. Mihogo yake inachemshwa kwanza kidogo ndipo inaingia mafutani, kwa hiyo nje inavunjika "kwa" na ndani ni laini kama imelala kwenye tui. Mingi ya barabarani siku hizi ukiuma unadhani ni mguu wa meza. Anakupasulia katikati, anaweka chumvi, kachumbari, na pilipili aliyoipika na ukwaju mpaka imekuwa nzito. Shilingi 500 sahani, na ukimwita "mama" kwa sauti ya kutulia anakuongezea kipande. Ukimwita "oya" hakuongezei, na pilipili unapata ya kutosha kukufundisha. Nimekula mihogo Tanga, nimekula ya Coco Beach pale watu wanapokwenda na magari yao. Huyu mama anaiacha mbali. Nyota tano, na ya sita nampa kwa ile hekima yake nitakayoisimulia.

Kahawa inaletwa na babu mmoja anayegonganisha vikombe vyake kwa midundo mpaka unadhani kuna ngoma inakuja. Kikombe 100, kashata 100. Kahawa ni chungu inavyotakiwa. Kashata ni ngumu kuliko ninavyopenda, ya nazi, na siku ya Madagascar iling'oa kijazio cha jino la Injinia, ingawa babu anasema jino lenyewe lilikuwa na nia hiyo tangu zamani.

Choo hakipo. Msikiti wa jirani wana subira sana.

Burudani kubwa humo, kuliko hata mpira, ni kuwaona Simba na Yanga wanalazimishwa kukaa upande mmoja. CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani tu, kwa hiyo Stars ile ilijaa watu wa Msimbazi na Jangwani, yaani Simba na Yanga, wamevalishwa jezi moja. Goli la pili na Burkina Faso alilifunga Tshabalala, beki aliyetoka Simba kwenda Yanga mwaka huohuo. Sauti ya uwanjani ikaja kabla, watu wote wakaruka. Picha ilipofika na ikaonekana nani kafunga, nusu ya kibanda wakaketi. Mmoja akabaki amesimama, mikono iko juu, hajui aishushe au aiache. Siku Mzize wa Yanga alipowapiga Madagascar mawili, tukashinda 2-1, Simba walishangilia kwa kupiga makofi matatu ya kiofisi.

Tukaongoza kundi na pointi 10. Hapo kibanda kikaota mbawa. Kiingilio cha robo fainali Meneja akakipandisha kuwa 1,000, akaandika kwenye ubao KWA MKAPA HATOKI MTU, na chini yake, kwa chaki ya pinki, SODA BARIDI. Soda haikuwa baridi.

Tarehe 22 nilikwenda mapema, nikawahi penalti za Kenya na Madagascar kutoka Kasarani, Nairobi. Hapa lazima nikiri dhambi. Tulicheka. Kenya walipotolewa 4-3 watu walibebana mabegani, Injinia akafungulia muziki, mtu akapiga simu kwa binamu yake wa Mombasa ili tu apumue kwenye simu bila kusema neno. Mimi mwenyewe nina wifi Voi na nilimtumia picha ya kikaragosi analia. Yule kijana wa umeme peke yake ndiye aliyenyamaza. Akatukumbusha kwamba Wakenya hao hao, waliomaliza mechi wakiwa kumi uwanjani, ndio waliowafunga Morocco 1-0 kwenye makundi, na kwa sababu hiyo Morocco wakashika nafasi ya pili na kupandishwa ndege kuja kwetu. "Wametupokeza nyuki," akasema, "na sisi tunacheka mzinga." Aliambiwa akae.

Kipindi cha kwanza mihogo ililiwa ikaisha karai mbili. Cha pili, kama dakika ya 65, kwenye runinga zote mbili mpira upo katikati, Morocco wanapasiana bila haraka, bila bila. Na nje ngoma zikazimika. Tulikuwa tumezoea sauti ya uwanja kama mtu anavyozoea friji. Unaijua ilikuwepo siku inapokatika. Vuvuzela moja ikaendelea peke yake kidogo, nayo ikaona aibu. Mtu akasema labda umeme umekatika kwa Mkapa. Mwingine akasema watu wamekwenda kuswali. Saa tatu usiku na ushee!

Mama wa mihogo, ambaye hajaona dakika hata moja ya mashindano yale, akasema kutoka nje bila kugeuka: "Tumefungwa."

Hakuna aliyembishia. Tukageuka kwenye runinga kutazama. Nimewahi kusubiri majibu ya hospitali, nimewahi kusubiri matokeo ya darasa la saba ya mwanangu wa kwanza, lakini sijawahi kuyaona majibu yanatembea kuja kwangu, mguu kwa mguu, nami nimeshayajua. Lamlioui wa Morocco akapokea. Kuna kijana alimpigia kelele beki wetu, "Mkabe! Mkabe!" kwa sekunde zile zilizobaki, kana kwamba ungeweza kuwahi. Ikawa 1-0 na ikabaki hivyo. Binamu wa Mombasa akapiga simu. Hakusema neno, akapumua.

Kesho yake Uganda nao wakatolewa na Senegal, goli moja vilevile. Wenyeji watatu tuliandaa pamoja na tukatoka pamoja, ndani ya siku mbili, na wifi wa Voi akanirudishia kikaragosi changu akiwa amekivalisha kanga.

Mnaouliza kama muende: nendeni, hasa mnaokaa mbali mkazoea goli kufika likiwa peke yake. Mechi za Ulaya ni shwari, hazina habari za uwanja. Mechi za kwa Mkapa kaeni karibu na mlango, mtapata mihogo ya moto na mtasikia vizuri zaidi. Msikubali dau la karanga. Kwa jumla nawapa nyota nne. Moja nimeiondoa kwa ajili ya mabenchi, na Meneja akinunua mito nitaifikiria.

Nilirudi tarehe 30 kwa fainali ya Nairobi, Morocco na Madagascar. Kiingilio kimeshuka tena 500, maana nchi si yetu. Kibanda kizima kilikuwa upande wa Madagascar, kwa hesabu kwamba tuliwafunga 2-1 kwenye makundi, kwa hiyo wakichukua kombe ni kama tumelichukua sisi na kuwaazima. Ikawa mbili kwa mbili. Zimebaki dakika kama kumi, mpira uko mbali na goli, mbali kabisa, hakuna hata aliyeacha kutafuna, na Lamlioui yuleyule akaupiga kutoka huko huko, ukapaa juu ya kipa, ukaingia. Kikombe kikadondoka. Watu hawakuruka wala kuguna, walibaki midomo wazi, karanga zinaonekana.

Babu wa kahawa akageuka mlangoni, akatega sikio upande wa uwanja wetu uliolala giza.

"Mbona hawajatuambia?"