Lightroom Classic kwa vitabu vya harusi: anzia kwenye mipangilio

Kwa sisi tunaopiga picha za send-off na harusi hapa Mbeya, Lightroom Classic ni programu nzuri ya kupangia kitabu cha picha. Ila kabla ya kugusa ukurasa wowote, fungua mipangilio ya kitabu. Wengi wanairuka.

Kubwa kuliko yote ni jinsi picha inavyokaa kwenye fremu. Ukichagua ijaze fremu, kingo zinakatwa. Kwa mlima Loleza wenye ukungu, sawa, inapendeza. Picha ya ukoo mzima ukumbini Uyole ni habari nyingine: bibi aliyeketishwa pembeni anabaki nusu bega, na huyo ndiye ambaye familia itamtafuta kwanza! Mimi nimechagua picha ionekane yote, hata ikiacha nafasi nyeupe. Inayostahili kujaa naivuta mwenyewe.

Kuna chaguo la kurasa kujazwa zenyewe ukianza kitabu kipya. Nimelizima. Ni la haraka, lakini programu haimjui mama wa bibi harusi.

Nilichokipenda sana ni maandishi: unaweza kuagiza visanduku vijazwe maelezo ya picha. Andika majina mapema ukiwa bado unachambua picha, yatakuja yenyewe.

Blurb, kampuni ya kuchapa vitabu mtandaoni, wanapokea kitabu moja kwa moja kutoka humo, ila mimi natoa PDF na kupeleka kwa mchapaji Mwanjelwa. Ongea naye kwanza kuhusu karatasi, maana saizi za kitabu zilizomo ni chache na huwezi kutunga yako.